Mkahawa ghali wa hoteli ya ufuoni, bufe, au sahani ya mjini? Ulinganisho kwa anayepanga jioni Mombasa

Kwa pesa anayolipa mtu mmoja kwenye mkahawa wa kifahari wa hoteli za ufuoni, kuanzia Nyali hadi Shanzu, watu 4 hula biriani Mji wa Kale wakashiba na nauli ya tuktuk ikabaki. Hesabu hiyo kila mtu wa Mombasa anaijua, ndiyo maana ukiuliza kama mkahawa ule unafaa, majibu huwa mawili tu: mmoja atasema ni kunyang'anywa, mwingine atasema wewe hujui kula. Wote wawili wanalinganisha sahani na sahani, na hapo ndipo wanapokosea. Samaki aliye kwenye sahani hizo mara nyingi ni yuleyule, ameteremshwa bandari ileile. Kinachouzwa ghali hotelini ni mikono: mpishi anayeshughulikia meza chache, supu iliyoanza kuchemshwa asubuhi, mhudumu anayejua sahani ya tatu itoke dakika gani. Kwa hiyo jiulize kwanza kama chakula unachokwenda kuagiza kinahitaji mikono hiyo. Kikiwa hakihitaji, umelipia kitambaa cha meza na mshumaa.

Tunalinganisha njia 4 za kula jioni moja, watu 2. Kuna mkahawa wa kuagiza ulio ndani ya hoteli ya kitalii, wenye meza chache, menyu fupi na sharti la kuweka nafasi. Kuna bufe ya hoteli hiyohiyo. Kuna mkahawa wa hadhi ambao watu huufuata wenyewe hata kama hawalali karibu nao, mfano Tamarind ya Nyali iliyo kando ya maji ikitazamana na kisiwa. Na kuna chakula cha mjini: vibanda na mikahawa ya Mji wa Kale, mishkaki ya barabarani, mihogo na madafu pale Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari kisiwani. Ipo njia ya 5 ambayo wengi huisahau, ya kumwita mpishi jikoni kwako, nayo tutaifikia.

Bei ya menyu na bei ya risiti

Kabla ya kusoma majina ya vyakula, soma maandishi madogo chini ya ukurasa wa mwisho wa menyu. Hapo huandikwa kama bei imeshajumlisha kodi au bado. Kuna VAT ya asilimia 16, kuna tozo ya utalii ya asilimia 2, na baadhi ya hoteli huongeza malipo ya huduma, mara nyingi asilimia 10. Mkahawa wa mjini ukikuambia wali samaki ni 700, ni 700. Hotelini unaweza kuona 3,800 ukalipa karibu 4,900.

Chukua mfano huu wa watu 2. Ni hesabu ya kufanyia mazoezi, si bei ya hoteli fulani. Kitangulizi 1,600 mara 2, chakula kikuu 3,800 mara 2, kitamutamu 1,200 mara 2. Hiyo ni 13,200. Ongeza chupa ya maji 500 na juisi 2 za 600, unafika 14,900. Kama bei hazikujumlisha chochote, VAT ni 2,384, tozo ya utalii 298, malipo ya huduma 1,490. Bili inakuja 19,072, nawe hujampa mhudumu bahashishi wala hujalipa teksi ya kurudi. Pengo hilo la shilingi 4,172 ndilo linalowafanya watu watoke wamekunja uso, ingawa chakula kilikuwa kizuri. Aliyepiga hesabu mapema hakunji uso.

Malipo ya huduma yakishakuwemo kwenye bili, bahashishi ni hiari yako. Ukipenda kumtunza mtu aliyekuhudumia, mpe mkononi, kwa sababu malipo ya kwenye bili hugawanywa kwa utaratibu wa hoteli. Na kama bei imeandikwa kwa dola au yuro, uliza itageuzwa kwa kiwango gani kabla ya kukaa. Omba ulipe kwa shilingi, kwa M-Pesa au kadi, kiasi kilichoandikwa kwenye bili.

Anayelala hotelini ana jambo jingine la kuangalia. Chumba chake mara nyingi kimeshalipiwa chakula cha jioni, yaani bufe. Akiiacha bufe akaenda mkahawa wa kuagiza, amelipa mara mbili kwa tumbo moja. Hoteli hutofautiana hapa, na tofauti hii inaamua mambo kuliko menyu. Zipo zinazompa mgeni jioni moja ya bure kwenye mkahawa huo akikaa siku kadhaa. Hapo usijiulize mara mbili, nenda. Zipo zinazokata thamani ya bufe ukaongeza tofauti tu, na hapo pia hesabu huwa nzuri. Na zipo zinazotoza bei kamili kama kwamba bufe hukuilipia. Uliza kwa WhatsApp au barua pepe kabla hujafika, upate jibu la maandishi, kwa sababu anayekujibu mapokezi usiku siye aliyekuuzia chumba.

Nini kinahitaji mikono, nini hakihitaji

Sulisuli wa kufukizwa kwa moshi ni mfano mzuri wa kinachostahili. Kinaonekana chepesi: vipande vya samaki, ndimu, kepa (vitumba vidogo vya siki), mkate. Lakini nyama lazima ikae kwenye chumvi kwa muda sahihi, ipigwe moshi wa baridi usioivisha, halafu ikatwe nyembamba hadi uone ua la sahani upande wa pili. Ikikatwa nene inatafunika kama mpira, na chumvi ikizidi hakuna ndimu itakayoiokoa. Jikoni mwa mkahawa wa mjini hakuna nafasi ya kazi hiyo, wala haihitajiki. Supu laini ya kaa ni vivyo hivyo: magamba hukaangwa, huchemshwa, huchujwa mara mbili, kazi ya saa nyingi kwa bakuli moja dogo. Vitamutamu vya tabaka, samaki mbichi aliyekatwa kwa kisu kikali akakolezwa ndimu, nyama iliyopikwa taratibu kwa saa 6, vyote hivi ndivyo vya kuagiza ukishaamua kutumia pesa.

Kisichostahili ni samaki wa kuchoma na chipsi, kamba wa kukaanga, pilau, na zaidi ya yote samaki wa kupaka. Huyu tumtazame kwa karibu, kwa sababu yumo karibu kila menyu ya hoteli na ndiye anayewaangusha watu.

Samaki wa kupaka halisi ni changu au tewa mzima wa kilo 1 hivi, amepasuliwa, akasuguliwa chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili. Anachomwa juu ya makaa mpaka ngozi ikauke na ianze kushika rangi. Kando yake kuna nazi 2 zilizokunwa na kukamuliwa, tui la kasimile peke yake, yaani lile zito la kwanza, linachemshwa na ukwaju, bizari na pilipili huku likikorogwa mpaka liwe zito la kushika mwiko. Hupakwa, hugeuzwa, moto hulishika tui likaganda ngozini, hupakwa tena. Mara 3 au 4. Tui likidondoka makaani hutoa moshi, na moshi ule ndio nusu ya utamu. Jiko la gesi la hoteli halina makaa hayo. Mpishi huchoma kipande cha mnofu kwenye kikaango, kisha humwagia sosi ya tui, mara nyingi la kopo. Utalijua kwa macho: tui la kopo hubaki laini na jeupe kama losheni, wakati la nazi iliyokunwa huachia mafuta membamba pembeni, yenye rangi ya bizari. Kumwagia si kupaka. Chakula hiki kaleni mjini, au agizeni kwa mama anayepika kwa oda, robo ya bei na mara mbili ya utamu.

Biriani na pilau nazo ni vyakula vya sufuria kubwa. Biriani ya watu 50 inashinda ya watu 4, kwa kuwa masala yanahitaji wingi na kuivia kwa mvuke, sufuria imefunikwa, kwa muda mrefu. Mkahawa wa Mji wa Kale unaouza sufuria nzima kabla ya adhuhuri una biriani bora kuliko hoteli inayopika sahani 6 za usiku.

Kambakoche kwa gramu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tukae kidogo.

Kambakoche wa pwani yetu hana magando makubwa kama yule wa picha za Ulaya na Marekani. Nyama yote ya maana imo mkiani. Menyu humuuza kwa kila gramu 100, na uzani huo ni wa mnyama mzima akiwa mbichi: gamba, kichwa, miguu na vipapasio vyote. Tuseme bei ni 650 kwa gramu 100 na kambakoche wako ana kilo 1.2. Hiyo ni 7,800 kabla ya kodi. Nyama utakayokula ni kama theluthi moja ya uzani, yaani gramu 400 hivi ukibahatika. Kwa hiyo gramu 100 za nyama zimekugharimu 1,950, si 650. Fanya hesabu hiyo kwa kila menyu: zidisha bei iliyoandikwa kwa 3, hiyo ndiyo bei ya nyama.

Omba uletewe mezani kabla hajapikwa, na apimwe ukiona. Mkahawa unaojiheshimu haukasiriki. Hata huleta wenyewe. Aliye hai hupiga mkia akiinuliwa. Aliyekufa zamani au aliyegandishwa vibaya, mkia wake huning'inia. Akija ameiva, chomeka uma: nyama njema hukatika kwa nyuzi, nyeupe isiyopenyeza mwanga, tamu kidogo, inang'oka gambani kwa kipande kimoja. Nyama inayobaki imegandamana na gamba na kuvunjika kama uji mzito ilianza kuharibika kabla ya moto kuigusa. Harufu kali ya amonia ni ya kurudisha sahani papo hapo. Na ikiwa kavu, ngumu, imejikunja pembeni, kambakoche alikuwa sawa, mpishi ndiye aliyemchelewesha motoni. Nusu ya kambakoche aliyepasuliwa huhitaji dakika 10 hadi 12 tu kwenye moto wa wastani, na dakika 3 za ziada zinatosha kumharibu.

Msimu nao una neno. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje ya mwamba huchafuka na vyombo vidogo haviendi mbali. Samaki hupungua, bei hupanda, na menyu zenye aina 6 za samaki "wa leo" usiku wa Julai zinasema habari za friza. Friza si dhambi: jodari aliyegandishwa upesi ni mzuri kuliko mbichi aliyelala siku 4 kwenye barafu inayoyeyuka. Lakini usilipe bei ya mbichi. Kaskazi ikishika, Novemba hadi Machi, bahari hutulia na uchaguzi huongezeka, ingawa Desemba hoteli zimejaa na jikoni huelemewa. Wakati mzuri kuliko wote kwa mlaji ni Januari baada ya wageni wa mwaka mpya kuondoka, na Februari.

Muulize mhudumu maswali 2: samaki gani ameingia leo, na aliletwa lini? Anayetaja jina moja au mawili kwa uhakika, nguru asubuhi hii, tewa wa jana, mwamini. Anayejibu kwamba wote ni wabichi, agiza nyama au mboga.

Kwa kamba, neno "jumbo" halina kipimo. Uliza sahani ina wangapi na wanaingia wangapi kwa kilo. Wakubwa wa kweli hawazidi 15. Wakiwa 30 kwa kilo, ni wa kawaida waliovishwa jina.

Bufe

Watu huibeza bufe kwa haraka. Ikitumiwa vizuri, ni thamani nzuri kuliko mkahawa wa kuagiza kwa familia yenye watoto na kwa mlaji mwenye njaa ya kweli. Ikitumiwa vibaya ni samaki mkavu chini ya taa.

Tatizo lake ni muda. Mnofu wa changu ukikaa kwenye trei ya kupashia, mvuke unaendelea kuupika. Baada ya dakika 20 kingo zimepauka na kujikunja, maji ya samaki yamejikusanya chini ya trei. Kwa hiyo fika ndani ya nusu saa ya kwanza, na usianze na trei. Anza pale mpishi anaposimama mwenyewe: jiko la mishkaki, kikaango cha tambi, chapati za moto. Vyakula vya mchuzi, mbaazi za nazi, mchicha, nyama ya kuchemka, hivyo havidhuriki na kukaa. Vingine huzidi kukolea. Epuka saladi za mayonezi zilizo nje upepo wa bahari ukizipiga, na vyakula vya baharini baridi ambavyo havijakalia barafu. Chakula cha moto kinapaswa kutoa mvuke ukifunua kifuniko. Kikiwa vuguvugu, funika ujiendee.

Ukitaka kujua kama mkahawa ghali wa hoteli una jiko zuri, tumia bufe kama kipimo. Kula bufe usiku wa kwanza. Kama mchuzi wake una ladha, mkate umeokwa hapohapo na maembe yameiva sawasawa, jiko lina watu wanaojali, na mkahawa wa juu utakuwa mzuri. Kama bufe haina chumvi wala moyo, vitambaa vyeupe vya ule mwingine havitaileta. Mara nyingi wapishi ni walewale, wamebadilisha aproni tu.

Mandhari unayolipia, na saa yake

Sehemu ya bei ni bahari. Basi hakikisha utaiona.

Jua la Mombasa huzama kati ya saa 12 na dakika 10 hivi na saa 12 na dakika 45 jioni, mwaka mzima, na giza huingia upesi. Mkahawa unaofungua saa 1 usiku unakuuzia bahari iliyokwisha kuwa nyeusi. Tena ufuo wa Nyali, Bamburi na Shanzu unatazama mashariki: jua huzama nyuma ya hoteli, upande wa barabara ya Malindi. Anayetaka machweo juu ya maji aende kwenye hori au mkono wa bahari, penye meza zinazotazama magharibi. Upande wa Nyali unaokabili kisiwa unayo hayo, na ndiyo moja ya sababu mkahawa kama Tamarind una nguvu ambayo hoteli za ufuoni hazina. Wahi meza saa 12 kasorobo, uone Mji wa Kale ukiwaka taa moja moja.

Ufuo wa mashariki una kitu chake, mwezi. Usiku wa mwezi mpevu unachomoza kutoka baharini wakati jua linapozama, na kila usiku unaofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo siku ya kwanza au ya pili baada ya mwezi mpevu, ukiwa mezani saa 1 hadi saa 2 usiku, utauona ukitoka majini mwekundu kisha mweupe, njia ya mwanga ikinyooka mpaka miguuni pako. Hakuna mshumaa unaofikia hapo. Siku hizo pia ni za bamvua, maji makubwa: maji hujaa alasiri, kama saa 10 au saa 11, kisha hupwa mpaka saa 4 au 5 usiku, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukila mapema unasikia wimbi. Ukikawia, maji yamekwenda mwambani na upepo unaleta harufu ya mwani. Weka nafasi kwa kalenda ya mwezi, si kwa Ijumaa.

Wanaoshukia Diani wana hesabu tofauti. Kuvuka Likoni kwa feri usiku kwa ajili ya sahani ya mjini, kisha kurudi, kunamaliza hamu. Barabara ya Dongo Kundu inaondoa foleni ya feri lakini ni mzunguko mrefu. Huko mkahawa wa hadhi hushinda kwa urahisi zaidi, hasa penye mahali pasipo na mfano. Ali Barbour's, iliyo ndani ya pango la matumbawe lenye matundu ya kuonea nyota, huwezi kuilinganisha na kibanda chochote, kwa kuwa unachonunua ni pango lenyewe. Anayetoka kisiwani kwenda Nyali naye akumbuke foleni ya daraja la Nyali jioni. Kuondoka mapema kunaokoa muda mwingi.

Halali, pombe na sosi

Mjini hili si swali. Hotelini uliza mambo 3, na uliza wakati wa kuweka nafasi, si mezani: nyama imechinjwa halali? Kikaango na mafuta ya kukaangia vinagusana na nguruwe? Sosi zimetiwa mvinyo?

Swali la 3 ndilo linalosahaulika. Kambakoche wa "Thermidor" hupikwa kwa mvinyo au brandi pamoja na jibini na haradali. Supu laini za kaa na kamba mara nyingi hutiwa brandi. Nyama ya pilipili manga huwashwa moto kwa brandi. Tiramisu huloweshwa kileo, na vitamutamu vinavyotikisika vyaweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Wapishi wengine hujibu kwamba pombe huisha motoni. Haiishi yote, hasa kwenye sosi iliyotiwa dakika za mwisho. Jiko linaloweza kukupikia sosi ya ukwaju au ndimu badala yake linajua kazi. Jiko linalosema haiwezekani huenda linafungua sosi ya pakiti.

Asiyekunywa pombe asikubali menyu ya bei moja iliyofungashwa na mvinyo. Omba bei ya chakula pekee, au vinywaji vibadilishwe kwa madafu, juisi ya ukwaju, maji ya tangawizi. Kwa anayekunywa: chupa ya mililita 750 ni glasi 5 za kawaida, basi kama mtakunywa glasi 4 linganisha na bei ya chupa nzima. Hapa ndipo bili hupanda kimyakimya kuliko penginepo.

Mavazi ni suala fupi. Mikahawa hii hukataa kaptura, malapa na nguo za kuogelea. Kanzu na buibui ni mavazi ya heshima popote pwani, na hoteli inayojua iko wapi haiulizi. Watoto wa chini ya miaka 12 baadhi hawapokelewi usiku, uliza.

Mpishi wa nyumbani

Mliopanga nyumba Nyali au Mtwapa, hasa mkiwa watu 6 na zaidi, fikirieni hili kabla ya meza ya hoteli. Mpishi wa Kiswahili huja asubuhi, mnakubaliana orodha, anakwenda mwenyewe sokoni kwa samaki na Marikiti, soko la mjini, kwa viungo. Mlipeni ujira wake na gharama ya soko kando, kwa risiti au kwa kuandika, msichanganye. Hakikisheni kuna jiko la makaa, mbuzi ya nazi, na friji yenye nafasi; vitu hivi 3 ndivyo hukosekana kwenye nyumba za kupanga. Kambakoche mkimnunua kwa wavuvi mnampima wenyewe, na msichukue jike mwenye mayai tumboni: ni marufuku kumvua, na mayai yake ndiyo kambakoche wa miaka ijayo. Kwa watu 6, wali wa nazi, samaki wa kupaka 3, kamba, kachumbari na kaimati huja chini ya meza ya watu 2 hotelini. Kinachokosekana ni kuhudumiwa na kuondoka bila kuosha vyombo.

Nani aende wapi

Walio fungate, au wanaotimiza miaka ya ndoa: nendeni mkahawa wa kifahari, mara moja, usiku wa kati ya juma, siku ya mwezi. Menyu ya kozi 5 ikiwepo, ichukueni badala ya sahani moja moja. Kila sahani ni ndogo, gramu 60 ya kitangulizi, 120 hadi 150 ya samaki, lakini jumla yake inashibisha, na inatoka kwa mpangilio ambao mpishi ameufikiria. Tengeni muda wa saa 2 na nusu. Mwenye haraka hapamfai.

Familia yenye watoto ibaki kwenye bufe, na jioni moja iende Mama Ngina kwa mihogo, achari na madafu. Mgeni wa siku 3 kutoka bara: usiku wa kwanza Mji wa Kale, wa pili mkahawa unaotazama kisiwa, wa tatu bufe ambayo ameshailipia. Anayemkaribisha mtu wa biashara aende hotelini, kwa sababu kinachohitajika ni utulivu na kiti kizuri, na hivyo hoteli hutoa kwa uhakika.

Asiyefaa kwenda ni yule anayekwenda kwa ajili ya samaki wa kuchoma. Huyo atasikitika hata chakula kikiwa safi.

Ukipiga simu kuweka nafasi, siku 1 au 2 kabla, omba menyu yenye bei itumwe kwa simu, uliza kama mpishi mkuu yupo usiku huo, taja mzio wa kamba au karanga kama upo, na omba meza kwa kuitaja: ya ukingoni, upande usiopigwa na upepo. Toa jina litakaloachwa getini, kwa kuwa askari wa hoteli hafungui kwa maneno, na baadhi ya mageti hayaruhusu tuktuk kuingia. Na sahani ikija ina kasoro, sema baada ya tonge la pili. Mwite mhudumu kwa upole, mwonyeshe kitu chenyewe, nyama iliyogandamana na gamba au sosi iliyokatika mafuta yakajitenga, umwambie unachotaka: kubadilishiwa au kuondolewa kwenye bili. Jiko zuri hubadilisha ndani ya dakika 15. Ukimaliza sahani ndipo ulalamike, hakuna cha kuonyesha.